Umemetuli katika hewa ya Tanga

Vitabu vya fizikia husema kwamba kitana cha plastiki kikisuguliwa kwenye nywele kavu huvuta vipande vya karatasi, lakini mwanafunzi anayelijaribu jambo hilo hapa Tanga wakati wa masika huona karatasi zimetulia mezani, naye huhitimisha kwamba kitabu kimekosea. Ningependa walimu wetu wasiliache jaribio hilo, kwa maana sababu za kushindwa kwake ni fizikia yenyewe.

Msuguano huhamisha elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi ya umeme, kutoka kwenye nywele kwenda kwenye plastiki, na kitana kinabaki na chaji hasi iliyozungukwa na uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji nyingine yoyote itasukumwa au itavutwa. Charles-Augustin de Coulomb alionyesha mwaka 1785 kwamba kani kati ya chaji mbili hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa maradufu, kani hubaki robo.

Swali ambalo kwangu ndilo kiini cha somo ni hili: karatasi haina chaji ya ziada, sasa inavutwaje? Uga huzivuta kidogo chaji chanya zilizo ndani ya molekuli za karatasi kuelekea kitana, na kuzisukuma zile hasi upande wa mbali. Kama uga ungekuwa na nguvu ileile kila mahali, mvuto na msukumo vingelingana na karatasi isingesogea hata kidogo. Lakini kwa kuwa uga ni mkali zaidi karibu na kitana, chaji chanya zilizo karibu huvutwa kwa nguvu kuliko zile hasi zinavyosukumwa, na karatasi huruka.

Watu wengi husema kwamba hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Maelezo hayo hayatoshi, kwani mvuke wenyewe si kipitishi kizuri. Utando mwembamba wa maji hujijenga juu ya plastiki, ukiyeyusha chumvi na jasho la mikono, na chaji huvujia humo mpaka mkononi. Ndiyo maana kitana kilichooshwa, kikafutwa na kukaushwa kwa joto la jiko la mkaa, bila kukisogeza karibu mno, hufanya kazi hata hapa pwani.

Unyevu huo, hata hivyo, hautulindi penye mafuta. Petroli inapopita kwa kasi ndani ya bomba hujikusanyia chaji humo humo, mbali na hewa ya nje, na hewa huruhusu cheche pale uga unapofikia takriban volti milioni 3 kwa mita, sawa na volti 3,000 katika milimita moja. Kwa hiyo lori la mafuta huunganishwa na ardhi kwa waya kabla ya mpira wa kupakilia kufungwa, na waya huo huondolewa mwisho kabisa.