Mlo wa Vipindi Vitatu

Wanafunzi wangu wa somo la upishi na stadi za maisha walikuwa na umri wa miaka 14 na 15, na walikuwa wamezoea kunakili mapishi kutoka ubaoni, hatua kwa hatua, kisha kuyajibia mtihani bila shida. Nilichotaka kujua ni kama wangeweza kuandaa mlo kamili pasipo mtu wa kuwaambia waanzie wapi. Asubuhi moja niliufuta ubao, nikapanga mezani maharage mekundu yaliyolowekwa tangu jioni, mchele, mayai, nyanya, vitunguu, mboga za majani, mafuta na chumvi, nikawagawa katika makundi ya watu watano watano, na kuwaeleza kwamba walikuwa na vipindi vitatu mfululizo, yaani dakika 120, za kupika, kula na kuosha vyombo.

Karibu makundi yote yalikimbilia vitunguu. Kukata vitunguu kunampa mtu picha ya kwamba kazi imeanza, ilhali maharage, ambayo hata yakilowekwa usiku kucha huhitaji saa nzima au zaidi motoni, yalibaki yametulia ndani ya maji yake. Nilijizuia kusema, na kwa mwalimu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Niliingilia mahali pamoja tu, kwenye visu: kijana mmoja alikuwa amenyoosha vidole juu ya kitunguu huku akikata kwa kasi, nikamwonyesha namna ya kukunja ncha za vidole kuelekea ndani ili ubavu wa kisu uteleze kwenye fundo za vidole na makali yasifikie kucha.

Katika kundi la dirishani, msichana ambaye kwa kawaida haongei sana aliuliza, "Kwani tunakula saa ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Alifungua daftari, akaandika muda wa kula chini kabisa ya ukurasa, kisha akawa anahesabu kurudi nyuma: mboga za majani dakika chache tu, kwa kuwa vitamini C hupotea zikikaa sana kwenye maji yanayochemka, wali dakika 25, maharage yapate saa nzima na ziada. Alipofika juu ya ukurasa aliinua kichwa na kusema, "Jamani, acheni vitunguu, maharage yalitakiwa yawe jikoni sasa hivi!" Kwa maoni yangu, hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe, kwa sababu anayejua kupanga muda wa jiko ataweza kupika hata chakula ambacho hajawahi kufundishwa.

Maharage yalipokuwa yakichemka tulipata nafasi ya kuzungumzia chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nao walipozipima kwenye mizani walishangaa kuona hazizidi kijiko kimoja cha chai, tena cha siku nzima. Nikawapa paketi tupu ya tambi za kuchemsha haraka, iliyoandikwa miligramu 1,600 za sodiamu, nikawaambia wazidishe mara 2.5 ili wapate chumvi. Jibu likawa gramu 4. Waliokuwa wameshika vijiko vyao juu ya sufuria waliirudisha chumvi koponi bila kuambiwa.

Muda wa kula ulipofika, kundi moja lililochelewa kuinjika lilikuja na malalamiko. "Mwalimu, mbona yameiva? Ni magumu kidogo tu." Nilichukua punje moja, nikaiminya, ganda lilichanika, na ndani kukaonekana kiini cheupe kikavu chenye ungaunga. Niliwakatalia kuyapakua, kwa kuwa maharage mekundu mabichi yana lectini inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo usiofikia mchemko hauiondoi. Ni lazima maji ya kulowekea yamwagwe, kisha maharage yatokote vizuri kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto na kuyaacha mpaka yalainike. Walikula wali, mayai na mboga, wakanuna, lakini walishiba.

Ugomvi mkubwa ulizuka kwenye karo la kuoshea vyombo. Makundi mengi hayakuwa yamempangia mtu yeyote kazi hiyo, na wavulana wawili watatu walikuwa wameshaanza kusogea mlangoni kana kwamba masufuria yangejisugua yenyewe. Kwenye daftari la yule msichana, dakika 15 za mwisho zilikuwa na majina mawili, moja la kuosha na jingine la kukausha, na yote mawili yalikuwa ya wavulana. Mmoja wao alinilalamikia kwamba somo ni la upishi, hivyo usafi usihesabiwe. Nilimwambia kwamba alama 10 kati ya 30 zilikuwa za usafi wa jiko, naye akavua saa ya mkononi, akakunja mikono ya shati na kudai apewe sufuria lililoungua kuliko yote.