Nyasi, nane na njiwa: nilivyojifunza kusoma chati za laivu za Kijapani

Saa tatu usiku ya Tokyo, wachezaji wengi wa gemu wanaporusha laivu, kwangu Dar es Salaam ni saa tisa alasiri. Kijapani cha darasani nilikuwa nacho, nikadhani kitanitosha. Siku ya kwanza mchezaji aliteleza darajani akatumbukia, chati, yaani maoni ya watazamaji, ikajaa herufi moja: 草. Kamusi ikaniambia ni nyasi. Nyasi za nini?

Nilielewa nilipofuatilia neno lilikotokea. Kucheka ni warau. Watu wakafupisha wakawa wanaandika w, na kicheko kikizidi, wwwww. Zitazame zilivyojipanga: zimechipua kama nyasi. Basi wakaliandika neno lenyewe, kusa. Na kicheko cha kuvunja mbavu ni daisougen, mbuga nzima ya nyasi. Nililipenda mno hilo.

Tangu hapo nikaiweka kamusi kando, nikawa naisoma chati kwa sauti. Kulikuwa na 8888 iliyonisumbua wiki nzima, maana Mtanzania akiona nane nane anawaza maonyesho ya wakulima. Nikaitamka: hachi, hachi, hachi. Ghafla nikasikia pachi pachi, mlio wa makofi kwa Kijapani. Ukitazama Niconico, tovuti iliyoanza 2006, utaona makofi hayo yakipita juu ya video yenyewe, kwa sababu kule maoni huvuka skrini kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini sauti haifungui kila kitu. ノシ niliitamka weee, wapi! Ile ni picha: mkono unaopungwa kuaga.

Adabu ndiyo iliyonichukua muda. Mchezaji mmoja alikuwa akizunguka chumba kilekile akitafuta ufunguo, nikamwandikia ulipo. Watu watatu wakanijibu shijichuu, jina la mtazamaji asiyekoma kumwelekeza mchezaji. Nikaomba radhi. Walikuwa na haki, kwani kuutafuta ndio utamu wenyewe. Vivyo hivyo na hato, njiwa: anayebeba habari za laivu moja na kwenda kuzimwaga kwenye laivu ya mwingine. Hapendwi.

Baadaye nikaingia kwenye chaneli ndogo, watazamaji hatukufika kumi. Nikaandika 初見です, yaani ndiyo mara yangu ya kwanza hapa. Kijana akasimamisha gemu, akasema, "Shoken-san, irasshai." Karibu, mgeni. Nilikaa mpaka mwisho.

Alipoaga, chati ikajaa 乙. Inasomwa otsu, mkato wa otsukaresama, na wenzangu wanaojifunza kwa Kiingereza huhangaika sana kuitafsiri. Mimi nimekua nikiisikia kila jioni, mtu akirudi kutoka kazini. Nikaandika 乙 yangu: pole na kazi, kaka.