Nilivyoiondoa systemd kwenye kompyuta ya steshenari

Aprili 2015 Debian, watengenezaji wa mfumo wa kompyuta wa bure wa Linux, walitoa toleo la 8, Jessie, na ndani yake kazi ya kuamsha kompyuta na huduma zake ikakabidhiwa programu ya systemd. Kabla ya hapo ilikuwa ya mkongwe sysvinit. Uamuzi huo uliwagombanisha watu. Februari 2014 kura za kamati ya ufundi zilifungana kati ya systemd na mshindani wake Upstart, mpaka mwenyekiti wake, Bdale Garbee, akaipa systemd ushindi kwa kura yake ya kuvunja sare. Kufikia Novemba kuna waliokuwa wameshajitenga kuanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd. Mimi ugomvi ule niliufuatilia kama mtu anayesikia majirani wakitupiana maneno: utamu upo, lakini haukuhusu. Nilipandisha toleo kwenye kompyuta ya dada, kazi zikaendelea, basi.

Dada ana steshenari Mbagala. Fotokopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, CV za vijana wanaotafuta ajira. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, na fundi wake wa bure ni mimi. Nyuma yake kulikuwa na diski ya nje ya kuwekea nakala za kazi za wateja, na mstari wake ulikuwa kwenye /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka, tangu toleo la nyuma, ukiwa na sifuri mwishoni, yaani isikaguliwe wakati wa kuwaka.

Asubuhi moja umeme ukakatika, ukarudi. Dada akapiga simu: "Mdogo wangu, njoo haraka. Hii kompyuta haiwaki, inahesabu tu."

Nilimkuta mteja wa CV keshakaa kwenye benchi, bahasha ya vyeti mapajani. Skrini nyeusi. Vinyota vyekundu vinakwenda kushoto na kulia, pembeni yake maneno kwamba kuna kazi inaisubiri diski, na sekunde zinapanda kuelekea 1min 30s. Zilipofika haikuendelea. Ikatangaza hali ya dharura, ikadai nywila ya root, yaani msimamizi mkuu, na kunishauri niandike journalctl -xb nisome kumbukumbu za kuwaka.

Diski haikuwepo. Mpwa wangu aliichomoa usiku akaenda kunakili muziki.

Kwa sysvinit, diski kama ile ikikosekana mashine hulalamika kidogo kisha huendelea na safari. systemd huichukulia fstab kama ahadi: mstari usipokuwa na neno nofail, diski isipoonekana hamwendi popote. Maelezo ya toleo lenyewe yalitahadharisha, na kusema kweli hoja wanayo. Seva ya benki iliyopoteza diski ya data ni afadhali isimame. Ila pale si benki. Printa ipo, karatasi zipo, mteja yupo, kilichokosekana ni akiba.

Nikaizima, nikaiwasha, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujaanza kuwaka, nikabonyeza e. Nikashuka hadi mstari unaoanza na linux, mwishoni kabisa nikaongeza init=/lib/sysvinit/init, kisha Ctrl-x. Ukiwa umeipata Jessie kwa kupandisha toleo, yule mkongwe aliachwa pale kwa siku kama hiyo. Mistari ikaanza kuteremka, ikafika kwenye diski, ikanung'unika, ikapita. XFCE, ile skrini ya madirisha na ikoni, ikafunguka, na kijana akachapiwa CV yake.

"Dada, jioni niachie hii mashine."

"Nakuachia, ila kesho asubuhi iwake."

Jioni nilianza na apt-get -s install sysvinit-core, ile -s ikiwa ni ya kujaribu bila kugusa kitu. Orodha ilikuwa fupi kuliko nilivyohofia: systemd-sysv inatoka, sysvinit-core inaingia pamoja na systemd-shim, ambayo kazi yake ni kujifanya systemd ili vitufe vya kuzima na flashi za wateja visije vikasusa. Nikairudia amri bila -s, nikawasha upya, nikaandika ps -p 1, kuuliza programu ya kwanza kuwaka ni ipi. Ikajibu init. Printa ikachapa, flashi ikasomeka, kitufe cha kuzima kikazima. Kuhusu kasi ya kuwaka, ambayo watu walikuwa wakiisifia sana upande wa systemd, kwa diski ile ya zamani sikuona cha kulilia.

Nilichokifurahia zaidi ni kufungua /etc/init.d/cups na kusoma, mstari kwa mstari, jinsi huduma ya kuchapa inavyoanzishwa na kusimamishwa. Ni skripti tu, mtu unaifuata kwa macho. Mafaili ya systemd ni mafupi na nadhifu kuliko skripti hiyo, sikatai, lakini kazi yenyewe imefichwa ndani ya programu, na mimi napenda kuiona.

Ule mstari wa diski niliuongezea nofail usiku uleule. Mwaka 2019 Debian 10 ilipotoka bila systemd-shim, nikarudi systemd, na dada hakugundua kitu.