Migomba mitatu ya Kasulu na seti zake za kromosomu: kazi ilipofikia

Nimeruhusiwa kutumia hadubini ya shule mwishoni mwa wiki, kwa hiyo kazi imesonga. Kwa anayeanza kusoma hapa: nataka kuona kama mtu asiye na vifaa vya maana anaweza kutofautisha migomba kwa idadi ya seti zake za kromosomu, yaani vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi. Mchare, alioupanda mwalimu mmoja kutoka Moshi nyuma ya nyumba za walimu, una seti mbili, yaani kromosomu 22. Mtwike wa nyumbani una tatu, 33. FHIA-17, aina ya mgomba iliyozalishwa Honduras na ambayo mjomba aliniletea chipukizi lake kutoka Kagera, ina nne, 44.

Napangusa nta upande wa chini wa jani, napaka rangi ya kucha ile ya maji, ikikauka naibandua kwa selotepu na kuibandika kwenye kioo. Chapa ya stomata, vile vitundu ambavyo jani hupitishia hewa, inabaki humo. Jani liwe la tatu kutoka juu, na sehemu ya katikati. Ukichanganya machanga na makuukuu huna unacholinganisha.

FHIA-17 ina stomata kubwa zilizoachana. Za mchare ni ndogo, zimesongamana. Mtwike uko katikati. Ndivyo ilivyotarajiwa: seti zikiongezeka seli hutanuka, na eneo lile lile hubeba chache. Mchare uko chini ya mwembe, lakini kivuli kwa kawaida hupunguza stomata, kwa hiyo juani tofauti ingezidi.

Dada akaniuliza, "Basi seti nyingi ndiyo mkungu mkubwa?" Hapana. Seli kubwa si lazima zilete mmea mkubwa, maana mmea unaweza kuwa na seli chache zaidi.

Mtwike ndio unaonivutia kuliko yote. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kwa hiyo mbegu hakuna. Ila tunda kujaa bila kuchavushwa ni tabia nyingine kabisa, na watu huzichanganya. Mchare wenye seti mbili nao huliwa bila mbegu. Gharama ya kukosa mbegu ni kwamba tunapanda machipukizi tu, na mnyauko husafiri humo humo.

Kinachofuata ni kuhesabu kromosomu zenyewe kwenye ncha za mizizi. Za mgomba ni ndogo mno, zinataka lenzi ya mara 100. Lenzi ipo, mafuta yake ya kudondoshea juu ya kioo ndiyo yameisha.