Hisabati Tumizi na Biolojia, na Mbu Aliye Kati Yake

Nasoma hisabati tumizi pamoja na biolojia hapa Kisumu, na kila muhula unapoanza hakosekani mtu wa kunishauri niachane na mojawapo. Mjomba wangu wa Ahero, ninayemheshimu sana, huniambia, "Mpwa wangu, mshika mbili moja humponyoka." Ni kweli kwamba ratiba haina huruma. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma habari za malaria ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba masomo haya yanahitajiana.

Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyeviona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897 akiwa India, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, hakuishia kwenye hadubini. Aligeukia milinganyo ili aonyeshe kwamba malaria inaweza kushindwa bila kuangamiza kila mbu. Katika miaka ya 1950, George Macdonald, mtaalamu wa malaria, aliiendeleza kazi hiyo. Ndani ya milinganyo yao, kadiri ya mbu kumuuma binadamu huwekwa katika kipeo cha pili, yaani huzidishwa kwa yenyewe. Anayesoma hisabati peke yake huikubali alama hiyo na kuendelea na hesabu. Maabara ndiyo inayotoa sababu: lazima mbu jike aume mara mbili, kwanza avichukue vimelea kwa mgonjwa, kisha avipeleke kwa mwingine.

Kinachonishangaza zaidi ni umri wa mbu. Vimelea huhitaji takriban siku 10 kukomaa ndani yake, kutegemea joto. Tuseme kila siku mbu 9 kati ya 10 hunusurika: tukizidisha 0.9 kwa yenyewe mara 10, tunapata kama 0.35, yaani katika kila mbu 100, 35 hufikia umri wa kuambukiza. Wakinusurika 8 kati ya 10 kwa siku, wanaofika ni 11 tu. Kupunguza idadi ya mbu kwa nusu kungepunguza maambukizi kwa nusu. Kuwafupishia maisha kidogo tu kunayapunguza mara nyingi zaidi. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kina nguvu hata Ahero, ambako mashamba ya mpunga hujaa maji na hakuna awezaye kuwamaliza mbu.

Biolojia nayo huikosoa hisabati, na hapo ndipo ninapopapenda. Mlinganyo sahili huchukulia kwamba watu wote huumwa sawasawa, ilhali mama anayeuza samaki jioni kando ya barabara huumwa kabla hajaingia chandaruani, na wapo mbu wanaopendelea kuuma nje. Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho nataka kuwagawa watu makundi mawili, walio ndani na walio nje saa za jioni, kila kundi na kadiri yake ya kuumwa, kisha nipime chandarua peke yake kinaweza kufika wapi.