Sanamu ya Nahodha Kule Footscray

Safari yangu ya Australia ilichukua majuma matatu na kumaliza akiba ya miaka minne, lakini nikikaa kuiandika naona siku nyingi zimekwisha kunitoka. Sydney niliiona, na ile barabara ya pwani inayosifiwa kote nilipitishwa, nikapiga picha kama wapigavyo wageni wengine. Kilichobaki moyoni ni Jumapili moja ya mwezi wa Julai katika kitongoji cha Footscray, magharibi mwa jiji la Melbourne, mbele ya sanamu ya mtu ambaye sikuwa nimepata kulisikia jina lake.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14. Amezaliwa huko, na mpira anaoucheza si soka tuliyokulia sisi, bali ni ule wa Waaustralia wenyewe, unaochezwa na watu 18 kila upande kwenye uwanja wa duara refu, kwa mpira wenye umbo la yai. "Mjomba, huwezi kurudi Tanga bila kumwona Teddy," aliniambia tangu siku ya kwanza, nami nilimkubalia ili tu nisimvunje moyo.

Siku hiyo treni hazikuwa zikienda kwa sababu ya matengenezo ya njia, abiria wakapakiwa kwenye mabasi. Dereva wa basi letu alitushusha kituo ambacho sicho, mvua ikaanza, na upepo ulivuma kwa namna ambayo mtu wa pwani yetu hawezi kuielewa mpaka umpige masikioni. Nilinunua mwavuli katika duka dogo kwa dola 25, fedha ambayo nyumbani ingelisha familia kwa siku kadhaa, nao ukapinduka na kuvunjika vijiti kabla hatujavuka barabara. Niliurudisha, muuzaji akanionyesha tangazo ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kahawa tuliyokunywa ili kupata joto ilikuwa dola 6 kikombe. Nilifika uwanjani nimelowa na nina hasira, na nakiri kwamba nilimjibu mtoto kwa ukali.

Uwanja huo unaitwa Whitten Oval. Zamani uliitwa Western Oval, na upepo wake ni maarufu, hivyo angalau nilielewa kwamba mateso yangu yalikuwa na historia. Sanamu iko nje: mwanamume aliyejinyoosha mwili mzima kupiga mpira. Huyo ndiye Teddy, jina lake kamili Edward James Whitten, aliyezaliwa papo hapo Footscray mwaka 1933, wakati kitongoji kilikuwa cha viwanda, machinjio na watu wa kipato kidogo.

Chini ya sanamu alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye skafu ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu, za klabu ya Footscray. Alipoona mpwa wangu amevaa rangi hizohizo, alitukaribisha kana kwamba tumefika nyumbani kwake, na kwa muda wa karibu saa mbili hakutuacha.

Alianza na mwaka 1951, Whitten alipocheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Richmond. Mguso wake wa kwanza kwa mguu ulikuwa goli. Muda mfupi baadaye mchezaji wa upande wa pili alimwangusha kwa pigo lililompotezea fahamu. Mzee alisimulia mambo hayo mawili kwa fahari ileile moja, kwa maana kwake yote yalikuwa ya mtu mmoja: kufunga, kuangushwa, na kurudi tena. Mwaka 1954 Footscray walitwaa ubingwa wa ligi ya Victoria kwa mara ya kwanza, wakiwafunga Melbourne kwa alama 102 kwa 51. Mzee alikuwa na miaka minane, amebebwa mabegani na baba yake, na alisema hakuona mchezo wenyewe, aliona kofia tu zikirushwa juu.

Mwaka 1957 Whitten, akiwa kijana wa miaka 23, alifanywa nahodha na kocha kwa pamoja. Nilimwuliza mzee inawezekanaje mtu awapange wenzake kisha aingie naye kupigana nao bega kwa bega. Alinijibu kwamba ndiyo maana walimpenda: hakumtuma mtu mahali asipokwenda mwenyewe. Mpwa wangu, ambaye alikuwa ananisubiri nielewe, akatoa mpira kwenye mkoba akanionyesha kwamba kwa mkono mpira haurushwi, unashikwa kwa kiganja kimoja na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili. Mzee akacheka, akasema Teddy alipenda kuupiga kwa kiganja kilicho wazi, kwa kasi ambayo marefa hawakuweza kuifuata, mpaka sheria ikabadilishwa. Mwaka 1961 alilifikisha tena kundi lake fainali, wakashindwa na Hawthorn. Alistaafu kucheza mwaka 1970 akiwa na mechi 321, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi hiyo kabla yake, na jezi namba 3 mgongoni.

Hapo nilidhani hadithi imekwisha, na miguu ilikuwa imeshakufa ganzi kwa baridi. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilikuwepo siku ile ya gari."

Mwaka 1995 Whitten alikuwa anaugua saratani ya tezi dume, na ugonjwa ulikuwa umeshamnyang'anya macho. Tarehe 17 Juni, kabla ya mechi ya jimbo la Victoria dhidi ya South Australia kwenye uwanja mkubwa wa Melbourne, alizungushwa uwanja mzima ndani ya gari la wazi, mwanawe akiwa kando yake. Mzee alisema watu walisimama jukwaa baada ya jukwaa, gari lilivyopita. Whitten alipunga mkono kuelekea sauti, kwa kuwa nyuso hakuziona. Wanaume waliofanya kazi viwandani maisha yao yote, alisema, walilia bila kujificha. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Agosti, alifariki, akazikwa kwa heshima za kiserikali, na uwanja ukapewa jina lake. Taasisi yenye jina lake ilianzishwa ili kuwahimiza wanaume kupimwa. Mzee alisema yeye mwenyewe alikwenda kupimwa mwaka huohuo, na ndiyo sababu alikuwa anaongea nami.

Sikuweza kumjibu. Baba yangu alikuwa nahodha wa timu ya mtaa wetu Tanga, beki wa kati ambaye wazee wa barazani bado wanamtaja. Alikufa kwa ugonjwa huohuo. Miaka miwili alisema ni mgongo. Tulimpaka dawa mgongoni, tukamtafutia godoro gumu, naye akaamka usiku mara nne na tano na kutudanganya kwamba ni joto. Daktari alipolitaja jina la ugonjwa, baba alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu aliona ni aibu kwa mwanamume kujulikana anaumwa huko. Nilitii. Matangani nilisimama nikawaambia watu ni mgongo. Dada yangu, aliyekuwa Melbourne na hakupata nauli ya kuja kuzika, nilimwambia kwa simu neno hilohilo. Katika waliohani walikuwepo wachezaji wenzake wa zamani zaidi ya kumi, watu wa umri wake, na kila mmoja alirudi kwake akiamini hana la kuogopa ila mgongo. Nilipoitazama ile sanamu niliwaza habari za hao kumi, na wawili kati yao wamekwisha kufa.

Tulimuaga mzee jioni. Alimpa mpwa wangu mkono kama mtu mzima, akamwambia ashike mpira kwa vidole na si kwa kiganja anapotaka kupiga kwa mguu. Basi la kurudi lilichelewa dakika 40 na halikuwa na joto ndani. Mtoto alikaa dirishani, mpira mapajani, akaniuliza:

"Mjomba, Babu alikuwa anacheza namba ngapi?"

Nikamwambia namba tano. Nikamweleza namba tano hufanya nini, na jinsi babu yake alivyokuwa akiwapanga wenzake kwa kidole bila kupiga kelele. Halafu nikamwambia kwamba tukifika nyumbani nitazungumza na mama yake juu ya ugonjwa uliomwua baba yetu, na nikautaja kwa jina lake, hapohapo ndani ya basi.