Sanduku la meya ndani ya kabati

Jioni nyingi siku hizi namsomea mtoto wa dada yangu The City of Ember, kitabu cha Jeanne DuPrau, mama mmoja wa Marekani, kilitoka 2003, na nasema namsomea lakini ukweli mimi ndo nimekishikilia kuliko yeye. Kiko kwa Kiingereza kwa hiyo nasoma aya kimoyomoyo halafu namhadithia kwa Kiswahili changu, nikichelewa kidogo tu napigwa kiwiko, "mamdogo, enhee?" Na huyu ni mtoto ambaye kumkalisha na kitabu ni ugomvi.

Kama hutaki kuharibiwa utamu ishia hapa maana nitasema mengi. Ila siri yenyewe kubwa mwandishi anakuonjesha tangu kurasa za mwanzo kabisa, na hapo ndipo aliponinasa.

Iko hivi. Kabla hata stori haijaanza kuna vikurasa vichache vya wajenzi wa mji. Mji wenyewe, Ember, umeshajengwa, watu wataingizwa humo, na wajenzi wanakubaliana wasitoke kwa miaka isiyopungua 200. Watoto watakaozaliwa mle wasiambiwe chochote kuhusu dunia nyingine, ili wasije wakalilia vitu ambavyo hawana. Sasa muda ukifika watatokaje? Maelekezo yanaandikwa, yanafungiwa kwenye sanduku lenye kufuli la saa ambalo litajifungua lenyewe miaka ikitimia, anapewa meya wa kwanza, akizeeka amkabidhi anayefuata, kimya kimya. Na kweli linapokezanwa vizuri tu mpaka linafika kwa meya wa saba. Huyu mzee anaumwa, anakohoa ugonjwa uliokuwa unawamaliza watu wakati huo, anaanza kujiambia labda mle ndani kuna kitu cha kumponya, basi analibeba kwenda nalo nyumbani, analitwanga na nyundo wee halifunguki, na anakufa kabla hajalirudisha wala kumwambia mtu. Linabaki ndani ya kabati, nyuma kabisa, limezibwa na mabegi ya zamani. Miaka inapita, siku yake inafika, kufuli linafanya klik, na hakuna aliyesikia.

Hapo bado hatujakutana na mtoto hata mmoja! Ukifungua sura ya kwanza ni mwaka wa 241 wa huo mji, wewe msomaji unajua walitakiwa wawe wameshaondoka zamani, wao hawajui hata kama kuna pa kwenda. Stori nyingi za kusisimua mwandishi anakubania kila kitu mpaka mwisho, halafu unaambiwa mhalifu ni mtu aliyetajwa mara moja tu kwenye ukurasa uliousoma ukiwa na usingizi. Huyu mama kafanya kinyume, kakupa ufunguo mkononi halafu kakuacha unawaangalia watu wanaishi nyumba moja na lile sanduku, wanapika, wanalala, wanagombana, na mtoto pembeni yako anamfokea msichana wa kwenye kitabu, "si uangalie kabatini!"

Halafu giza. Nadhani hiki kitabu sisi tunakielewa vizuri kuliko hata aliowaandikia. Umeme ukikatika kwetu unajua cha kufanya, unapapasa simu, unawasha tochi, kuna mshumaa kwenye droo, kibatari kwa bibi, na ukitoka nje kuna mwezi au angalau nyota, jirani kawasha jenereta lake linapiga kelele. Ember hakuna hata kimoja. Hawajawahi kuona mwezi. Hawana tochi, hawana mshumaa, hawajui kiberiti ni nini. Mwanga wote wa mji unatoka kwenye mataa makubwa ya umeme, yanazimwa saa tatu usiku na kuwashwa saa kumi na mbili asubuhi, na umeme wote unatoka kwenye jenereta moja lililoko chini, linazungushwa na mto, na kwa sasa hakuna anayeelewa linavyofanya kazi, mafundi wanaweka viraka tu, wanafunga hiki na kile. Sasa taa zikizima mchana ghafla watu wanasimama walipo. Hawatembei, hawaongei sana, wanasubiri. Mara ya kwanza ni sekunde chache. Halafu dakika. Halafu dakika zaidi, na ukiona mwandishi ameanza kukuhesabia dakika ujue presha inapanda. Mtoto akaniuliza kwa nini wasichome hata makaratasi wapate mwanga, nikakosa jibu la haraka, maana kwake yeye moto ni kitu ambacho lazima kila mtu anakijua.

Watoto wenyewe ni wawili, Lina na Doon, wana miaka 12. Kwao ukifika umri huo shule imeisha, unaingiza mkono kwenye mfuko mbele ya meya unaokota karatasi, kilichoandikwa ndo kazi yako. Lina anapenda kukimbia, anaota kuwa tarishi, anaokota kazi ya mabomba kule chini kwenye maji. Doon anaokota utarishi na roho yake yote iko kwenye jenereta, anaamini akifika huko atalitengeneza yeye (miaka kumi na miwili huyo, jeuri yake nimeipenda). Wanabadilishana, na kubadilishana huko ndo kunakuja kubeba stori nzima.

Matarishi wa Ember wanavaa koti jekundu na hawabebi barua, unawaambia maneno wanayashika kichwani wanakimbia kwenda kuyasema kwa mhusika. Ujumbe wa kwanza kabisa Lina anapewa na jamaa mmoja anaitwa Looper aupeleke kwa meya, maneno machache tu, kwamba mzigo utafika saa mbili. Anakimbia anafikisha, kalipwa senti zake, anajisikia raha kazi imeanza vizuri. Wewe hapo unasoma unapita, mimi nilipita. Ni baadaye sana, chakula cha makopo kimeanza kuadimika stoo, balbu zinaadimika, ndo inajulikana meya ana chumba chake cha siri huko chini kwenye mahandaki kimejaa vyakula na balbu, na Looper anafanya kazi stoo. Kumbe yule binti aliubeba ukweli mdomoni mwake siku ya kwanza kazini akautema kwa mwizi mwenyewe. Nikarudi nyuma kurasa mia na kitu kuhakikisha, na yapo maneno, yamekaa pale pale.

Ila sehemu iliyotutesa zaidi ni ya karatasi. Bibi yake Lina, ameshaanza kupoteza kumbukumbu, anachakura kabatini akitafuta kitu asichokikumbuka, sanduku linatolewa, na kabla mtu mwenye akili zake hajalifikia linafikiwa na Poppy. Poppy ni mdogo wake Lina, bado katoto kadogo kabisa. Lina anaingia anamkuta mtoto kakaa chini anatafuna. Maelekezo ya kuokoa mji mzima, yametunzwa miaka 200 na zaidi, yako mdomoni mwa mtoto yanageuzwa uji! Mtoto wa dada alicheka mpaka akapaliwa, halafu ghafla akanyamaza, nadhani iliingia.

Kinachobaki ni vipande vyenye matundu matundu, na kitabu kinakuchapia ile karatasi jinsi ilivyo, maneno nusu nusu na nafasi tupu katikati. Tuliweka kalamu pale tukaanza kujaza. Yeye anabahatisha kwa Kiswahili mimi nabahatisha kwa Kiingereza, fujo tupu, nikagundua tunafanya kile kile Lina anachofanya mezani kwake. Lina anamwonyesha rafiki yake, hana hata hamu nayo. Anayeelewa ni Doon, na anaelewa kwa sababu anashinda huko chini karibu na mto, vile vineno vya maji na mawe kwake ni vitu anavyopita kila siku. Yaani kama wasingebadilishana kazi, ile karatasi ingeishia kuwashia jiko, kama wangekuwa na jiko la kuni.

Sasa malalamiko yangu. Meya hajapikwa akaiva. Ni mnene, mlafi, mwongo, basi, tunamaliza kitabu sijui aliwaza nini alipokuwa anakula makopo peke yake akijua taa zinakufa. Meya wa saba aliyepewa nusu ukurasa tu namkumbuka zaidi, kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kufa na hilo kila mtu analielewa. Na nikimfikiria vizuri yeye ndo kaua mji kuliko huyu mwizi. Mwizi aliiba makopo ya chakula. Yule mgonjwa hakuwa hata na nia mbaya, alikufa tu na kitu ambacho kilitakiwa kijulikane na mwingine, na wajenzi nao ndo waliomweka katika hali hiyo, ukweli wa watu wote unaukabidhi kwa kifua kimoja kinachokohoa!

Hili tumebishana na dada. Yeye anasema wajenzi walikuwa sahihi, mtoto ukimwambia kuna jua na hatakaa alione unamtesa bure. Ninamwelewa, na ukijua mwandishi alikulia Marekani ya miaka ya 1950, watu wanachimba mahandaki nyumbani wakiogopa bomu la nyuklia, unaona hiyo hofu ilitoka wapi. Lakini siri ya sanduku si wangewaambia wale watu wazima walioingia siku ya kwanza, angalau kumi, angalau watatu? Mtoto alikuwa anasikiliza akatoa hukumu yake, wangeandika ukutani pale watu wa Ember wanapokusanyika kuimba, pakubwa, kila mtu asome, wakichoka kusoma wasome tena.

Filamu ipo, ya 2008, Saoirse Ronan ndo Lina na Bill Murray ndo meya, ni nzuri kwa macho ila wameona giza halitoshi wakaongeza fuko mkubwa wa kutisha anakimbiza watu. Soma kwanza. Jinsi wanavyotoka na wanachokiona wakifika huko sikiandiki hapa, hata mimi nimegoma kumwambia mtoto mapema, nilimsomea neno kwa neno bila kufupisha na dada alikuja kutuzimia taa mara mbili.

Kitabu cha pili ni The People of Sparks, kilitoka 2004, mamia ya watu wa Ember wanakuja kupiga hodi kwenye kijiji ambacho chakula chake kilikuwa kinawatosha wenyeji tu. Nimeshakiulizia. Mtoto keshaanza kupiga hesabu watalala wapi.